South C, Kilimani, Lang'ata au Ruaka: Mtaa Upi kwa Familia ya Kitanzania Inayohamia Nairobi na Watoto

Familia nyingi za Kitanzania huhamia Nairobi kwa sababu ya kazi ya mmoja wa wazazi, na kwa hiyo nyumba hutafutwa kwa kuangalia ofisi ilipo. Sisi tulifanya hivyo hivyo tulipohama Tabata, Dar es Salaam, tukiwa na watoto watatu. Tulipanga karibu na kazi ya mume wangu, kisha tukamwandikisha mtoto wetu wa kwanza katika shule nzuri iliyokuwa upande wa pili wa jiji. Muhula mzima alipanda basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jioni alishushwa getini akiwa amelala, begi likiwa bado mgongoni. Shule haikuwa na kosa, wala nyumba haikuwa na kosa. Tulikosea kwa kuchagua vitu hivyo viwili kila kimoja peke yake, bila kuiangalia barabara iliyo kati yake, na ni barabara hiyo iliyomchosha mtoto.

Ulinganisho huu ni kwa mzazi ambaye tayari amekubali kazi, amekwishawaeleza watoto, na sasa amekwama kati ya mitaa minne ambayo Watanzania wenye kipato cha kati huielekea zaidi. South C iko kusini mwa katikati ya jiji, kati ya Barabara ya Mombasa na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Kilimani iko magharibi, ikipakana na Barabara ya Ngong. Lang'ata iko kusini magharibi, ukishapita Wilson, ikigusana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Ruaka iko kaskazini, kwenye Barabara ya Limuru, na kiutawala si Nairobi tena bali ni Kaunti ya Kiambu, ingawa wakazi wake wengi hufanya kazi jijini.

Vigezo, kwa uzito wake

Nimeipima mitaa yote minne kwa mambo sita: njia ya kwenda shule; maji pamoja na mvua na baridi; mahali pa kuchezea; lugha na majirani; umbali wa hospitali; na kodi. Sikuyapanga hivyo kwa bahati tu, kwa maana njia ya shule humgusa mtoto mara mbili kila siku, ilhali hospitali, tukijaliwa, humgusa mara chache kwa mwaka. Mzazi mwenye mtoto anayeumwa mara kwa mara ana kila sababu ya kuupindua mpangilio huo, na namsihi aupindue bila kusita.

Njia ya kwenda shule

Kabla ya kutazama nyumba hata moja, jua mtoto anaingia ngazi gani. Mtaala wa Kenya sasa una miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya sekondari ya juu. Madarasa ya sekondari ya chini, yaani la saba hadi la tisa, katika shule za serikali yako ndani ya shule za msingi, kwa hiyo mtoto wa umri huo bado anaweza kusoma karibu na nyumbani. Darasa la kumi ni jambo jingine, kwa sababu wanafunzi wengi wa sekondari ya juu hukaa bweni, na kama mtoto wako mkubwa amefikia hapo, uchague mtaa kwa kuwatazama wadogo zake. Kumbuka pia kwamba mwaka wa masomo wa Kenya una mihula mitatu, tofauti na miwili tuliyoizoea, na shule hufungua Januari, kisha mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha Agosti. Anayehama Julai, akifuata kalenda ya nyumbani, atamkuta mtoto wake akiingia katikati ya muhula ambao wenzake wanakaribia kuumaliza.

Lang'ata ndiyo yenye nafuu kubwa kwa mtoto mdogo. Nyumba nyingi za zamani za mtaa huo, katika sehemu kama Otiende, Onyonka na Ngei, zilijengwa kwa mpango wa makazi ya familia, na shule za serikali na za binafsi zikawekwa katikati yake, kiasi kwamba watoto wengi huenda shule kwa miguu. Shida hutokea mtoto anapolazimika kutoka nje ya mtaa, kwa sababu Barabara ya Lang'ata kuelekea mjini hujaa magari asubuhi, na njia za kuikwepa ni chache.

South C nayo ina shule za kutosha ndani yake, na mzazi Mwislamu atapata pia madrasa za jioni bila kumpandisha mtoto gari. Kwa shule za nje, ina barabara mbili kubwa, moja kila upande, na barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita jirani. Barabara hiyo humsaidia mwenye gari na mwenye fedha ya kuilipia kila siku. Kwa anayetegemea matatu, yaani daladala za Kenya, foleni ya chini inabaki ileile.

Kilimani imezungukwa na shule nyingi, hasa zile za mitaala ya kigeni zilizoko huko na katika mitaa jirani ya Lavington na Kileleshwa. Umbali ni mfupi kwenye ramani, lakini barabara za ndani zilijengwa kwa ajili ya nyumba za bustani, na leo zinabeba magari ya majengo ya ghorofa kumi na zaidi. Safari ya kilomita tatu saa moja na nusu asubuhi inaweza kumchosha mtoto kuliko ya kilomita kumi mahali pengine.

Ruaka inamfaa sana mtoto ambaye shule yake iko upande huohuo wa kaskazini, yaani Gigiri, Runda, Rosslyn au Banana. Barabara ya mzunguko ya magharibi na ile ya kaskazini zimerahisisha safari za pembeni ya jiji. Kumtoa mtoto Ruaka kila siku kumpeleka shule ya upande wa kusini ni kosa lilelile tulilolifanya sisi, na sitamshauri mzazi yeyote alifanye, hata kama shule hiyo inasifiwa namna gani.

Maji, mvua na baridi

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, na kampuni ya maji ya jiji huyagawa kwa zamu, kila eneo na siku zake. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye nyumba ni maji ya bomba huja siku zipi, tangi la jengo linabeba kiasi gani, na kama kuna kisima, maji yake ni ya kunywa au ya kufulia tu. Kilimani majengo mengi mapya yana visima virefu, na usumbufu huwa mdogo. Lang'ata na South C hutegemea zamu, na familia hujipanga kwa matangi ya nyumbani. Ruaka ilijengwa haraka kuliko mabomba yalivyofuata, kwa hiyo visima na maboza ni sehemu ya maisha ya huko. Jengo moja linaweza kuwa na maji siku saba na la jirani likakaa makavu. Usimwulize dalali. Waulize wapangaji unaowakuta ngazini, hasa wenye watoto wachanga, kwa kuwa hao ndio wanaojua hesabu ya ndoo.

Mvua ina uzito wake South C. Ardhi yake ni tambarare na udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, na maji hayapati njia ya haraka ya kutoka. Katika mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, zilizoleta maafa sehemu nyingi za Nairobi, baadhi ya barabara za mtaa huo zilifunikwa. Haimaanishi kwamba kila nyumba ya South C inajaa maji. Tofauti iko kati ya barabara na barabara, hata kati ya nyumba na nyumba. Nenda ukatazame nyumba siku inayofuata mvua, angalia mstari wa tope kwenye ukuta wa nje, na uone kama majirani wameinua vizingiti vya milango. Kizingiti kilichoinuliwa kwa saruji kinasema ukweli ambao tangazo la nyumba haliusemi.

Kuhusu baridi, wenzetu wa Arusha, Iringa na Mbeya wataipuuza aya hii, na wana haki. Familia ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar isiipuuze. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na kati ya Juni na Agosti siku hupita bila jua kuonekana. Nyumba hazina vipasha joto. Ruaka, kwa kuwa imeelekea nyanda za juu za Kiambu, ni baridi zaidi ya mitaa mingine mitatu. Mtoto mwenye pumu au kifua kibovu atafutiwe nyumba ambayo chumba chake cha kulala kinapata jua la asubuhi, katika mtaa wowote ule, na asiwekwe chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa jengo jirani.

Mahali pa kuchezea

Hapa ndipo watoto wetu waliposhtuka kuliko pengine popote. Tabata walikuwa wanatoka nje tu. Nairobi mtoto hatoki tu. Anatoka ndani ya geti, chini ya jicho la askari, na kilichomo ndani ya geti hilo ndicho dunia yake ya jioni.

Lang'ata inaongoza katika jambo hili, na historia yake inaonyesha kwamba nafasi ya mtoto haikulindwa bila gharama. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliandamana kupinga uwanja wao wa michezo kunyakuliwa na kuzungushiwa ukuta, wakapigwa mabomu ya machozi wakiwa na sare za shule, na baadaye uwanja ukarudishwa. Kila ninapopita pale huwaambia wanangu kwamba watoto wa rika lao ndio waliouokoa. Nyumba za mtaa huo nyingi zimepangwa kuzunguka ua wa pamoja wenye geti moja, mahali ambapo baiskeli huendeshwa na mama mmoja anaweza kuwaangalia watoto wa nyumba kumi. Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko hapohapo, na Uhuru Gardens, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa Desemba 1963, iko njiani. Ujirani huo na hifadhi una upande wake mwingine: Februari 2016 simba walitoka wakaonekana mitaani Lang'ata. Ni tukio la nadra, lakini nyumba inayopakana kabisa na uzio wa hifadhi inahitaji sheria za nyumbani kuhusu kutoka nje gizani.

South C ina nyua za namna hiyohiyo katika sehemu zake za zamani, kama Akiba na Mugoya. Kasi ya ujenzi wa ghorofa imeanza kuzila, basi uliza kama kiwanja kitupu unachokiona dirishani kina mpango wa kujengwa. Ndege ndogo za Wilson hupita juu mchana kutwa. Watoto wakubwa huzoea ndani ya wiki moja, mchanga anayelala mchana huchukua muda mrefu zaidi.

Kilimani, mahali pa kuchezea ni lile eneo dogo lenye bembea lililo juu ya maegesho, na mara nyingi bwawa la kuogelea. Linatosha kwa mtoto wa miaka minne. Mvulana wa miaka kumi anayetaka kupiga mpira hatatoshwa, na atapigiwa kelele na majirani wa ghorofa ya kwanza. Nafuu yake ni Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, ambayo iko karibu kiasi cha kwenda kila Jumamosi.

Ruaka yenyewe ina nafasi ndogo sana kati ya majengo, lakini ni jirani wa Msitu wa Karura, ule ambao mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake waliutetea dhidi ya wanyakuzi hadi kupigwa mwaka 1999. Mtoto akipelekwa huko mara mbili kwa wiki, akaendesha baiskeli chini ya miti, upungufu wa nyumbani hupungua makali. Kupelekwa, hata hivyo, kunahitaji mzazi mwenye gari na mwenye muda.

Lugha na majirani

Mzazi wa Kitanzania hudhani lugha haitakuwa tatizo, kwa kuwa Kenya nako ni Kiswahili. Mwanangu wa pili alitoka shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, akaingia darasa ambalo kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, lilikuwa kwa Kiingereza. Kugawanya na kuzidisha alikujua vizuri. Swali la hesabu lenye maelezo lilimtoa machozi. Uwanjani nako alikuta Sheng, lugha ya vijana inayochanganya Kiswahili na Kiingereza, ambayo haikufanana na Kiswahili chake wala na Kiingereza cha mwalimu. Kwa upande mwingine, insha zake zilisomwa mbele ya darasa, na jambo hilo lilimpa heshima iliyomvusha mwaka wa kwanza.

Kwa mtoto wa namna hiyo, South C na Lang'ata ni laini zaidi. South C ina wakazi wengi waliotoka Pwani ya Kenya, pamoja na Wasomali na watu wa makabila mengine, na Kiswahili cha kueleweka husikika dukani na msikitini. Nyama ya halali haitafutwi mbali. Lang'ata ni mchanganyiko wa familia za watumishi wa umma na wafanyabiashara, na watoto wake huongea Sheng na Kiswahili nje, kwa hiyo mgeni huingia mchezoni upesi. Kilimani watoto wengi huongea Kiingereza hata wakicheza, jambo linalomfaa aliyesoma shule za Kiingereza Dar es Salaam na linalomtenga kwa miezi kadhaa asiyesoma huko. Ruaka utasikia Kikuyu sokoni, na ndani ya majengo utakutana na familia za mataifa mengi kwa sababu ya ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Gigiri. Mtoto aliyekwisha kuhamahama atajiona miongoni mwa wenzake.

Hospitali

Kwa hili hakuna mtaa uliopungukiwa sana. South C iko karibu na Hospitali ya Mater iliyoko South B, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1962. Kilimani iko hatua chache kutoka Nairobi Hospital na si mbali na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na hakuna mtaa mwingine kati ya hii unaoikaribia kwa jambo hili. Ruaka inafika kwa urahisi hospitali ya watoto ya Gertrude's iliyoko Muthaiga na ile ya Aga Khan iliyoko Parklands, ilimradi si saa ya foleni ya Barabara ya Limuru. Lang'ata ina kliniki na hospitali zake, lakini kwa daktari bingwa wa watoto huenda ukalazimika kutoka nje ya mtaa.

Kodi

Nairobi kodi hulipwa kila mwezi, ikitanguliwa na depositi ya mwezi mmoja au miwili. Kwa aliyezoea kutoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hii ni neema, na inafaa itumiwe kwa busara: panga kwa muhula mmoja kwanza, ukijua unaweza kuhama. Soma mkataba kuhusu notisi na masharti ya kurudishiwa depositi, na uulize malipo ya ulinzi, taka na maji yamo ndani ya kodi au yako nje. Umeme ni wa tokeni, sawa na LUKU yetu.

Kwa ukubwa uleule wa nyumba, Kilimani kwa kawaida ndiyo ghali. Ruaka hukupa nyumba mpya kwa fedha kidogo, lakini hesabu ya maji na mafuta ya gari huirudisha juu. South C na Lang'ata ziko katikati, na ndizo ambazo familia ya watoto watatu au wanne inaweza kupata nyumba ya chini yenye ua badala ya ghorofa.

Kwa hali yako

Ukiwa na watoto wa chekechea na msingi, wanaotoka shule za Kiswahili, na hakuna gari nyumbani, anza kutafuta Lang'ata karibu na shule utakayoichagua, kisha South C. Ukiwa familia ya Kiislamu inayotaka madrasa na msikiti kwa miguu, au wazee wenu huja mara kwa mara kwa basi kutoka Arusha kupitia Namanga, South C iko upande wa barabara hiyo na itawapunguzia safari. Tenga tu siku ya mvua ya kuikagua nyumba.

Ukiwa na mtoto mmoja au wawili wadogo, wazazi wote wawili mnafanya kazi Upper Hill au Westlands, na mtoto ana maradhi yanayohitaji daktari wa karibu, Kilimani inastahili gharama yake. Ukiwa na kazi Gigiri na mwajiri analipia shule ya upande huo, Ruaka inakupa mwaka mzima wa asubuhi zisizo na haraka, mradi jengo liwe na kisima kilichothibitishwa na wapangaji wenyewe.

Na ukiwa bado hujapata nafasi ya shule, usitie sahihi mkataba wa nyumba popote. Fikia kwa ndugu au pango la muda mfupi kwa wiki mbili, na katika wiki hizo ipande njia ya shule mara moja pamoja na mtoto, saa ileile ya alfajiri atakayoondokea, kisha umtazame akishuka garini.